Mshelisheli wa Calvin

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Delora alikuwa na kazi tatu: kufagia uwanja, kuwafungulia mbuzi wawili wa bibi yake, na kuchuma majani ya mchaichai kwa ajili ya chai. Alizimaliza upesi, maana hakuwa na mtu wa kupiga naye soga. Bibi Ernestine, mama wa mama yake, alikuwa mwema, lakini asubuhi hakupenda maneno mengi. Alisimama jikoni akigeuza mikate kikaangoni, na kila alichoulizwa alijibu, "Mh."

Delora alikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Ilikuwa miezi minane tangu mama yake alipompandisha ndege kule Leeds, Uingereza, alikozaliwa, aje kwa bibi yake hapa kisiwani Nevis, katika bahari ya Karibi. Mama alifanya kazi hospitalini zamu za usiku, na kule hapakuwa na mtu wa kukaa na mtoto. "Krismasi nitakuja," alimwambia pale uwanja wa ndege, akimfunga vifungo vya koti. Basi Delora akawa anahesabu wiki.

Shuleni walimwita Mwingereza. Sura yake ilikuwa kama yao, na jina lake la ukoo, Liburd, lilikuwa la nusu ya kijiji kizima. Lakini akifungua mdomo tu, walikuwa hoi kwa kicheko. "Eti 'tafadhali naomba nipite'!" walimwiga wakiongelea puani. "Kwani hapa ni kanisani?" Wakati wa mapumziko alikula mkate wake peke yake kwenye ngazi za maktaba, akijifanya anasoma.

Jumatatu moja ya mwezi wa kumi, Mwalimu Hanley alipiga meza kwa chaki.

"Nyamazeni! Ijumaa tunapanda Ashcombe. Mtavaa viatu vya kufunga, si makubazi. Na tunakwenda kujifunza, hatuendi kuwarushia tumbili mawe. Umenisikia, Tashima?"

"Mimi tena, Mwalimu? Hao tumbili ndio wanaoanza!"

Darasa likacheka. Tashima Claxton alikuwa na ulimi mwepesi na miguu myepesi zaidi. Ndiye aliyeongoza watoto katika kikundi cha ngoma za vinyago kilichocheza mitaani kila Krismasi, na hakuna aliyebisha kwamba anastahili.

Ashcombe ni shamba la zamani la miwa, juu ya mlima. Miwa yenyewe haipo tena, yamebaki magofu. Lakini watu wa kijijini hawakuacha kwenda kule. Kisiwani Nevis kitovu cha mtoto kikidondoka huzikwa, na juu yake hupandwa mti. Mti huo ni wa yule mtoto hadi mwisho wa maisha yake, na familia nyingi zilipenda kwenda kuzika Ashcombe, karibu na miti ya wazee wao.

"Nataka kila mwenye mti wake kule atuonyeshe," alisema Mwalimu.

"Wangu mkwaju, Mwalimu!" "Wangu mnazi!" "Wangu mstafeli, lakini mbuzi wa Bi Inez kaula majani yote!"

Tashima akageuka nyuma. "Na Mwingereza je? Chake kilitupwa kwenye pipa la hospitali. Kwenye pipa, pamoja na bandeji!"

Kicheko kililipuka. Delora alihisi masikio yanawaka moto. Hakujua kitovu chake kilipo. Hakuwahi hata kufikiria kuuliza. Sasa mbele ya macho thelathini akajiona hana hata mti. Maneno yakamponyoka.

"Kiko Ashcombe," alisema. "Mama alikituma kwa Bibi. Kiko chini ya mshelisheli, ule mkubwa nyuma ya nyumba ya kuchemshia sukari."

Mti ule aliuona mara moja tu, alipopanda na Bibi kuokota mashelisheli yaliyoanguka. Ni wa nani, hakujua.

"Haya," alisema Tashima polepole. "Ijumaa utatuonyesha."

Tangu saa hiyo Delora hakula vizuri. Jumanne na Jumatano zikapita. Alhamisi jioni, baada ya kuwafunga mbuzi, alichukua kisu cha kumenyea viazi, akakificha ndani ya soksi, akapanda mlima mbio. Alikuwa amepata wazo. Watu wakikuta mti una jina lake, watabisha nini?

Magofuni hapakuwa na mtu. Mnara wa kinu cha upepo ulisimama bila mapanga yake, na ndani ya nyumba ya kuchemshia, isiyo na paa, mlikuwa mmeota majani hadi kiunoni. Aliupita ukuta, akaufikia mshelisheli, akaanza kuchonga: D, E, L. Gome lilikuwa laini kuliko alivyodhani. Lakini kila herufi ilipokatwa, utomvu mweupe ulitoka, ukatiririka juu ya vidole vyake, ukanata. Alipofika kwenye A ya mwisho, mikono yote ilikuwa imegandana na kisu. Alijaribu kujipangusa kwa majani, na majani nayo yakanata. Alishuka mlima akiwa amekunja ngumi.

Nyumbani alijisugua kwa mafuta ya taa hadi ngozi ikawa nyekundu.

"Mbona unanuka kama taa?" aliuliza Bibi Ernestine.

"Nimeigusa taa, Bibi. Imemwagika kidogo."

"Mh," alisema Bibi, akamtazama kwa muda, kisha akaendelea kuchambua njegere.

Ijumaa walipanda wakiimba. Walipokelewa na mwangalizi wa magofu, Bi Inez Walwyn, mwanamke mfupi aliyevaa buti za kiume na kofia ya ukindu. Kazi yake ilikuwa kufyeka majani na kuwazuia watu wasibebe mawe ya kuta wakajengee mabanda ya nguruwe.

"Karibuni," alisema. "Mawe ni ya kutazamwa. Atakayebeba hata moja, nitambebesha mnara mzima."

Aliwapeleka kwenye kinu, akawaonyesha magogo ya chuma yaliyokuwa yakikamua miwa.

"Hapa palikuwa na shoka ukutani," alisema. "Mnajua la nini? Mtu akisinzia, mkono ukashikwa na chuma, walimkata mkono ili asivutwe mwili mzima. Kinu hakikusimamishwa. Wazee wetu walifanya kazi hapa usiku na mchana wakati wa mavuno, na hawakuwa na ruhusa ya kuchoka."

Katika nyumba ya kuchemshia waliona mashimo ya masufuria ya shaba, makubwa hadi madogo, yamepangwa kwa mstari. Kisha Bi Inez akawatoa nyuma, kwenye miti.

"Na hapa ndipo vilipokuwa vibanda vyao. Vimeoza vyote, miti imebaki. Watu hawa hawakumiliki kitu, wanangu. Sufuria si yake, kibanda si chake, hata mtoto aliyemzaa aliandikwa kuwa mali ya bwana. Kitu kimoja tu bwana hakukitaka: kitovu. Basi mama alikuwa anakizika na kupanda mti, anasema huyu ni wa hapa na ni wangu. Ndiyo hati waliyokuwa nayo. Haya, nionyesheni miti yenu."

Watoto wakatawanyika kwa makelele, huyu anakumbatia mnazi, yule mkwaju. Delora alibaki nyuma. Tashima alimshika mkono, akamvuta hadi kwenye mshelisheli.

"Lo! Una jina kweli!" alisema mtoto mmoja.

"Mnaona?" alisema Delora.

Tashima alisogea, akapitisha vidole juu ya herufi. "Ala! Mbona inanata?" Akaangalia mkono wake, kisha akaangua kicheko. "Hii ni ya jana! Jina la miaka kumi na mmoja lingeshakuwa kovu pana hivi! Na tangu lini mti wa kitovu ukaandikwa jina? Nani anaukata mti wake mwenyewe? Ni sawa na kujikata mguu!"

Hapo Delora alitamani ardhi ipasuke immeze. Kumbe kila mtoto wa Nevis alilijua jambo hilo, isipokuwa yeye. Kile alichokiita ushahidi ndicho kilichomtangaza kwamba ni mgeni.

Kicheko kilikatika ghafla. Bi Inez alikuwa amefika. Hakupiga kelele. Aliweka kiganja juu ya herufi, akakiacha pale pale.

"Nani kamkata Calvin?" aliuliza.

Mwalimu Hanley alikuja mbio. Alipoona, uso wake ulibadilika. "Watoto, huu ni mti wa marehemu mwana wa Bi Inez. Calvin alikuwa baharia. Meli yao ilipotelea kwenye kimbunga, na yeye hakuonekana tena. Hana kaburi. Nani kafanya hivi?"

Macho yote yakamgeukia Delora, maana jina lilikuwa lake.

"Si mimi," alisema. Alijisikia akisema hivyo, na maneno yakaendelea kutoka yenyewe. "Labda nimekosea mti. Bibi alisema uko huku nyuma tu. Mimi nilisema darasani Jumatatu, kila mtu alisikia. Mtu kaja kuandika ili nichekwe."

Mwalimu Hanley akakumbuka maneno ya pipa. "Tashima. Hebu nione mikono yako."

"Nimegusa sasa hivi, Mwalimu! Wote wameniona!"

Lakini waliokuwa karibu walimsikia tu; macho yao yalikuwa kwa Delora, si kwa mkono wa Tashima. Na ndani ya kikebe chake cha kalamu mlikutwa wembe wa kuchongea penseli. Tashima alilia, akaapa kwa jina la mama yake. Alimtazama Delora.

"Mwambie! Wewe ulikuwa hapa kando yangu! Si umeniona nikigusa?"

Delora alitazama viatu vyake. Alikuwa ameona. Angesema neno moja tu. Hakulisema.

Tashima akapewa adhabu ya kufyeka majani Ashcombe kila Jumamosi kwa wiki nne. Na Jumamosi ndiyo siku ya mazoezi ya ngoma.

Siku hiyo wakati wa kushuka, watoto walimzunguka Delora. Mmoja alimpa kidonge cha ukwaju chenye sukari, mwingine akamwambia, "Usimjali yule, ni mchokozi." Miezi minane alikuwa akitamani jambo hilo. Aliuweka ukwaju mdomoni, ukamkwama, akautema majanini wakati hakuna aliyemwona. Hakuwahi kujisikia mpweke kama alivyojisikia katikati ya wale watoto.

Jioni Mama alipiga simu kabla ya kwenda zamu. Mlio wa mvua ya Leeds ulisikika kwenye dirisha lake.

"Shule inaendaje, mpenzi wangu?"

"Vizuri. Mama, kitovu changu kiko wapi?"

"Kwa nini unauliza hivyo? Tutaongea, Delora. Nitakosa basi langu." Simu ikakatika. Delora aliishika mkononi muda mrefu, akajisemea kwamba bila shaka Tashima alisema kweli, ni kwenye pipa.

Jumamosi asubuhi alimwambia Bibi anakwenda kuokota mashelisheli. Hakujua anachokwenda kufanya. Alifika hadi ukuta wa nyumba ya kuchemshia, akasimama nyuma yake. Upande wa pili alisikia panga likikata majani, chwa, chwa, na Tashima akivuta kamasi. Kutoka kijijini ulipanda mlio wa ngoma na filimbi. Kikundi kilikuwa kimeanza mazoezi bila yeye. Kila ngoma ilipobadilika, panga lilisimama kidogo, halafu likaendelea.

Angeweza kurudi. Njia ilikuwa nyuma yake, na hakuna aliyejua kwamba amekuja. Ndipo alipomsikia Bi Inez. Alikuwa anauzungumzisha mti.

"Tulia, mwanangu. Tulia, naweka majivu na udongo, utapona. Ulikuwa mtukutu tangu utotoni, kila siku na jeraha. Leo umekaa tu na bado wanakujeruhi."

Delora akatoka nyuma ya ukuta.

"Ni mimi," alisema.

Panga likasimama. Bi Inez aligeuka, mikono imejaa tope.

"Ni wewe nini?"

"Nimechonga mimi. Alhamisi, kwa kisu cha jikoni. Tashima hakufanya kitu. Aligusa tu, na mimi nilimwona akigusa."

Maneno yalipokwisha, machozi yakaja. Bi Inez hakumbembeleza. Alijipangusa mikono kwenye sketi, akaketi juu ya jiwe.

"Ulitaka nini kwa mti wangu?"

"Nilitaka uwe wangu."

"Kwani miti yote ya Nevis imekwisha?"

"Mimi sina mti wowote, Bi Inez. Sina kitovu. Wote wana kwao, mimi sina. Kule Leeds watu waliniuliza natoka wapi, nikawaambia Nevis. Hapa nako wananiita Mwingereza."

Bi Inez alitikisa kichwa. "Maisha yangu yote nimeona watu wakiiba kuku, wakiiba mawe ya ukuta. Mwizi wa kitovu ndiyo kwanza namwona leo." Mdomo wake ulicheza kidogo, kisha ukatulia. "Unajua kwa nini nakaa hapa, na magoti yangu haya? Calvin bahari imemchukua yeye na viatu vyake. Mahali pekee ninapoweza kusema mwanangu yuko hapa, ni hapa. Na wewe ukaandika kwamba ni wewe."



Tashima alikuwa amesogea, panga mkononi, macho mekundu. "Nilikuomba useme. Ulinisikia?"

"Nilikusikia."

"Ukanyamaza!"

"Nikanyamaza. Nisamehe, Tashima."

"Sikusamehe. Utasema Jumatatu, mbele ya darasa zima. Na useme kwa sauti, si hiyo ya puani."

"Tashima, toa panga," alisema Bi Inez. "Umpe huyu, adhabu ni yake. Wewe kimbia, ngoma bado zinalia." Tashima alilitupa panga majanini, akateremka mlima mbio bila kuangalia nyuma.

Jumatatu Delora alisimama mbele ya darasa, akasema yote: kisu, utomvu, mafuta ya taa na jinsi alivyonyamaza. Hakuna aliyecheka, na hilo lilikuwa baya zaidi. Mwalimu Hanley alimwomba Tashima radhi mbele ya wote, akasema na yeye alikosea kuhukumu haraka. Delora akarudi kwenye ngazi zake za maktaba. Hakuletewa tena kidonge cha ukwaju. Siku zilikuwa ndefu. Lakini usiku alilala, jambo ambalo wiki iliyopita hakuliweza.

Kila Jumamosi alifyeka. Bi Inez alimfundisha kushika panga, kutofautisha gugu na mche, na kuwafukuza tumbili bila kuwarushia mawe. Hawakuongea sana. Jumamosi ya tatu, walipokuwa wakila shelisheli la kuchoma na samaki wa chumvi, Bi Inez aliuliza, "Hivi kweli kitovu chako kiko wapi?"

"Sijui. Nilimuuliza Mama, akakata simu."

"Muulize tena. Na umwambie ulichofanya hapa. Mkubwa naye huogopa, mtoto akimwonyesha njia huenda akafuata."

Jioni hiyo Delora alimweleza Mama kila kitu, Bibi Ernestine akisikiliza mlangoni. Alipomaliza, alimsikia Mama akilia.

"Kitovu chako ninacho," Mama alisema. "Kiko ndani ya kikebe cha poda, kwenye droo yangu. Sikukizika Leeds kwa sababu kila mwaka nilijiambia mwakani narudi nyumbani, nitakizika kule. Miaka kumi na mmoja ni mwakani, mwakani. Nilipokupandisha ndege niliona aibu kukupa, maana ningekupa ningekuwa nakubali kwamba mimi siji." Alivuta pumzi. "Delora, Krismasi siji. Nauli haijatimia. Nilijua tangu mwezi wa tisa, nikashindwa kukwambia."

Delora alilia sana. Bibi Ernestine aliichukua simu, akasema kwa sauti ya chini, "Umefanya vyema kusema, mwanangu. Ungesema mapema." Kisha akaketi kitandani na kumshika mjukuu wake hadi alipotulia. Asubuhi yake, kwa mara ya kwanza, alizungumza kabla ya chai: alimsimulia jinsi mama yake alivyoanguka kwenye mwembe akiwa na umri kama wake.

Kikebe kilifika wiki ya kwanza ya Desemba, kimezungushiwa soksi ya mtoto mchanga. Ndani mlikuwa na kitu kidogo, kikavu, cheusi, kisichozidi kokwa ya tende.

Jumamosi walipanda Ashcombe, Delora na Bibi, na simu ya Bibi imewashwa, Mama yuko upande wa pili. Bi Inez alikuwa ameshachimba shimo, hatua kumi kutoka kwa mti wa Calvin. Herufi kwenye gome zilikuwa zimeanza kufunga. Mchezaji mmoja wa ngoma naye alikuwa amefika, kavaa kofia yake ya manyoya ya tausi, kabeba ndoo ya maji.

"Nimetumwa na mama," alisema Tashima haraka. "Msidhani nimekuja mwenyewe."

Bi Inez alipiga magoti chini ya mshelisheli wa mwanawe. Pale ambapo mzizi mmoja ulitokeza juu ya udongo palikuwa na kichipukizi chenye majani matatu. Alikikata pamoja na kipande cha mzizi, utomvu ukatoka, akampa Tashima akishike.

"Mashelisheli yetu hayana mbegu," alimwambia Delora. "Mche wake hutoka mzizini. Huu ni wa Calvin, sasa unakuwa wako. Kila mwaka hutoa vichipukizi, nami huving'oa natupa, maana sina mtu wa kumpa."

Delora alikiweka kitovu chini kabisa ya shimo. Tashima akausimamisha mche juu yake. "Shika hapa, Mwingereza. Hapana, hapa! Utaupinda." Lakini hakuongelea puani.

"Mmeshafukia?" Mama aliuliza kwenye simu.

"Bado, Mama."

Bi Inez alimzuia mkono kidogo. Macho yake yalikuwa na maji, lakini sauti ilikuwa ile ile ya kufukuza tumbili.

"Sikiliza, mtoto. Ulikuja hapa na kisu, ukadanganya, ukamliza mwenzako, ukamkata mwanangu. Vyote kwa ajili ya mti. Ungeniambia tu, 'Bi Inez, mimi sina mti.' Ningekupa siku ile ile."

Delora aliitikia kwa kichwa. Kisha akaisogeza simu karibu na shimo ili Mama asikie, akaanza kufukia kwa mikono yake.